Koo la Kuazima

Katika filamu tisini na tatu Müzehher Tunalı
alifungua kinywa, nikatoka mimi.

Chumba chetu kilikuwa chini ya ardhi, Beyoğlu,
kuta zimevikwa mablanketi ya jeshi,
chai inapoa kando ya jiko la makaa,
na kipande kilekile cha mkanda kinazunguka, kinazunguka,
mpaka midomo yake na pumzi yangu vikubaliane.
Busu, nilijibusu mgongo wa mkono.
Kofi, nilijipiga pajani.
Kilio sikuhitaji kukitafuta:
kodi ya nyumba ilikuwa imepanda.

Mwaka mmoja alicheza filamu kumi na moja.
Jumatatu bibi arusi kipofu,
Jumatano macho makavu, anahesabu hela za kamari.
Alikuwa hakimu, alikuwa nesi,
alikuwa mama mkwe mwenye sumu kwenye supu
na umri wake miaka ishirini na sita,
unga wa ngano nyweleni.
Kampuni ilikuwa na koti moja tu la manyoya.
Alilivaa akiwa mke wa mwenye viwanda;
wiki iliyofuata akaliiba.
Mke wa tajiri hulivaa kana kwamba halipo.
Mwizi hulivaa kana kwamba linamsikiliza.
Kutoka kwenye mabega hayo nilijua
nishushe sauti kiasi gani.
Watu walisema namfundisha kusema.
Uongo. Mgongo wake ndio ulionisomea.

Alikuja kwa treni kutoka Uskubu akiwa na miaka kumi,
baba yake amepakata saa ya ukutani safari nzima,
na lafudhi ya kwao ikamganda ulimini
kama mbegu ya komamanga iliyonasa jinoni.
"Uso wa Istanbul," alisema mtayarishaji, "ulimi wa mpakani."
Wakamwachia uso.

Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri makalio.
Sauti je?

Alishuka kwetu mara moja tu, Februari,
theluji viatuni.
Nilikuwa namfia: kifua kikuu, tukio la mwisho.
Akasimama nyuma ya kioo hadi nilipokata roho.
Kisha akaingia, akanimegea mkate wake wa ufuta,
akasema kwa ile sauti, nzito, ya mchanga na sigara:
"Dada, umenifia vizuri.
Ila mimi ningekohoa zaidi."
Tangu siku hiyo nilikohoa zaidi.

Halafu televisheni ikaketi sebuleni kwa watu
na sinema, kwa kuona njaa, ikawataka wanawake wavue.
Yeye akafungua duka la vifungo.
Mikanda yetu iliuzwa kwa kilo;
waliiyeyusha kutafuta fedha iliyomo,
na makapi, nasikia, yakawa vitana.
Huenda nimechania nywele zangu
kwa bibi arusi kipofu.

Miaka ishirini na mbili baadaye kijana aitwaye Orkun
alimfuata mle dukani
na maikrofoni yenye manyoya, paka juu ya fimbo.
Alimtaka acheze ajuza asiyesema neno
karibu filamu nzima.
"Na nitakaposema," aliuliza, "atasema nani?"
Kijana hakuelewa swali.

Niliketi safu ya nne, tiketi nimelipa kama mtu yeyote.
Dakika ya themanini anainuka kitini
(yale mabega!)
anasema: "Zima jiko, mwanangu. Maji yamekwisha."
Treni nzima ilikuwamo humo, na saa, na baba.

Mzee mmoja mbele yangu akamnong'oneza mkewe:
"Huyu siye. Yule sauti yake ilikuwa nyororo."

Nilitaka kumgusa bega nimweleze.
Sikuweza. Midomo yangu ilikuwa bado inatamka
*maji yamekwisha*,
nusu sekunde nyuma yake,
na hapakuwa na fundi wa kusimamisha mkanda.